Mulinzi wa Katengo

12 Novemba

Kitabu hiki si changu, ni cha Taifa. Kwenye jalada wameandika DIRA 2050 kwa rangi ya dhahabu, na chini ya kila ukurasa wamepiga chapa lengo moja: maji kwa wote, umeme kwa wote, shule kwa kila mtoto, mashine zenye akili kwa maendeleo. Daniella, mtoto wangu, alipewa kazini akaniletea. "Mama, utaandika mule mambo ya malewa," akasema. Malewa ni kibanda changu cha chakula hapa Katengo, kando ya njia ya Kamatanda. Bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, ndakala, dagaa wetu, na ukitaka nyama useme tangu asubuhi. Mambo ya malewa yote ninayo kichwani, hayahitaji dhahabu.

Basi nitaandika hasira zangu, maana ndizo zinazonijaa. Mwaka 2050 nitakuwa karibu na miaka themanini, kama Mungu hajanichoka. Nikae nisubiri maji hadi hapo, na ndoo mkononi?

Naandika Kiswahili cha Biblia, kile tulichofundishwa kanisani. Kile cha nyumbani kikitoka chenyewe nikikasirika, sitakiombea msamaha.

13 Novemba

Mvua haijaamua. Bukari imeungua chini, wateja wamekula bila neno.

18 Novemba

Leo Daniella amerudi na kompyuta ya kazi, amenionyesha anachofanya. Nilikuwa nikiwaambia watu "mtoto wangu anafanya kazi ya akili bandia" bila kujua ninasema nini.

Ni picha za Likasi, mji wetu huu wa madini, zilizopigwa kutoka juu. Yeye na vijana wenzake wamekaa kwenye chumba kimoja mjini, wanachora kisanduku juu ya kila kitu na kukitaja. Hii toiture, yaani paa. Hii mti. Hii shimo. Wakishachora vya kutosha, mashine itajua yenyewe, na itasoma mkoa mzima peke yake. Ramani itakayotoka ndiyo Dira itakayotumia kuamua shule iende wapi, tangi la maji liende wapi, barabara ipite wapi.

Nikamwonyesha doa jeusi. "Na hii?"

"Hiyo ni bâche nyeusi, mama. Ya banégociant kule Kamatanda. Banafunika nayo madini mvua isibebe. Tunaandika dépôt, bohari."

"Kila bâche nyeusi?"

"Kila moja. Huku kwetu nani mwingine anafunika namna ile?"

Kweli, hakuna. Mnunuzi wa madini hana rafiki wa karibu kuliko turubai lake. Nikamwuliza kama mashine ni kama mtoto wa shule ya msingi. Akasema ni kama mtoto anayekariri vizuri sana, ila hajawahi kutembea. Jibu hilo nililipenda. Sikumwambia kwamba ninajivunia, asije akavimba kichwa.

Ndege ndogo isiyo na mtu itapita juu ya Katengo kupiga picha kabla ya Noeli.

20 Novemba

Mvua. Mvua tu.

24 Novemba

Papa Placide ameitisha mkutano uwanjani kwa kanisa. Yeye ndiye mkubwa wa kartie yetu, yaani mtaa, mzee wa asili ya Kasai, baba yake aliletwa huku zamani kuchimba. Mtu wa heshima, kofia haitoki kichwani hata akila. Lakini leo amenikera.

Amesema ile ndege inakuja kuhesabu mabati mapya ili watu walipe kodi, na kutazama mashimo yaliyo nyuma ya nyumba. Hapo wengi walitazama chini, maana hapa Katengo nusu ya watu wana shimo uani, wanachimba kidogo kidogo kati ya choo na jiko. Kila mtu anajua, hakuna anayesema.

"Wakiona bati, kodi," akasema. "Wakiona shimo, bulldozer. Sasa tutafanya je? Tutafunika. Munégociant iko anafunika, na hakuna mukubwa anamuuliza kitu. Na shiye tufunike kama yeye."

Watu wakapiga makofi. Mkewe, Mama Suzanne, akasema kaka yake ana mabâche ya kutosha Kamatanda, ya kuazima.

Daniella akanyanyuka. "Papa Placide, kwa heshima. Ile ndege haihesabu kodi. Inatafuta bantu bako wapi, ili..."

"Weye unalipwa nao," sauti ikatoka nyuma. Watu wakacheka. Mtoto wangu akakaa.

Nikanyanyuka mimi. Nikasema Waswahili wana neno, mficha uchi hazai. Nikasema minye bati yangu sikuiba, niliitafuta kwa bukari, sahani moja moja, na yule anataka kuiona aione. "Nyumba yangu haitavaa bâche. Minye siko kilo ya madini."

Papa Placide akanijibu taratibu, "Mama Daniella, unayo mudomo. Lakini bulldozer haina masikio."

Walifanya kura ya mikono. Mkono wangu ulikaa chini, na wa Daniella.

2 Desemba

Ndege imepita, saa ya kugeuza bukari. Katengo nzima ilikuwa nyeusi, paa na ua, mawe juu ya turubai ili upepo usinyanyue, watu wote ndani kimya na watoto wao, hata mbuzi wamefungiwa. Mimi nilisimama uani na mwiko mkononi, nikatazama juu. Ikalia kama nyuki mkubwa, ikazunguka, ikaenda. Bati langu lilikuwa peke yake linang'aa. Nimejisikia mjinga kidogo, nimejisikia vizuri zaidi.

3 Desemba

Wateja wananiita "Mama Miss Likasi" kwa sababu nimepigwa picha. Nimeongeza pilipili kwenye sombe yao.

25 Desemba

Noeli. Tumeimba mpaka sauti zimekauka. Mama Suzanne alileta kuku, hatukuzungumza habari za turubai.

9 Januari

Mvua tangu juzi. Njia ya Kamatanda imekuwa matope, malori yanapita kwa kulia. Bowa, uyoga ule mkubwa, umeanza kuuzwa kando ya njia.

16 Januari

Leo nitaandika sana, kwa sababu nikiacha nitavunja kitu.

Daniella amerudi kabla ya saa yake. Alikuwa amelia, akanawa uso, lakini mama hadanganywi na maji. Akafungua kompyuta juu ya meza ya wateja. Ramani imetoka. Mashine imesoma mkoa mzima, kama walivyotaka.

"Tafuta Katengo," akaniambia.

Sikuiona. Niliona njia ya Kamatanda, niliona kanisa la upande wa pili, na kati yao eneo la kijivu. Juu yake imeandikwa: bohari ya madini, hakuna wakazi. Sisi ndio bohari. Papa Placide na kofia yake ni bohari. Mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki ile ya ndege, naye bohari.

Kando ya kijivu kuna kisanduku kimoja chekundu cha nyumba. Daniella akagusa, maneno yakatoka: nyumba ya mlinzi.

"Hiyo ni ya nani?" nikauliza, na nilijua.

"Ni yako, mama. Mashine imesema, penye dépôt kubwa na nyumba moja kando, ile nyumba ni ya sentineli."

Halafu akanionyesha yaliyobaki, na hapo nilikaa. Kwa kuwa hatupo, shule iliyotakiwa huku imepelekwa kartie ya jirani. Tangi la maji pia. Na hapa kwetu, kwa kuwa ni bohari tayari, Dira imeweka barabara ya malori makubwa na uwanja wa kusagia madini. Katikati kabisa. Uwanja unaanzia kwenye choo cha Mama Suzanne na kuishia kwenye jiko langu.

"Weye ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua bâche ni dépôt, mama. Niliifundisha. Na nilibaambia mule mukutano, bakanicheka." Akaanza kulia tena. "Sikudanganya mashine. Hawakudanganya nao, walificha tu. Lakini ona."

Nilimkumbatia. Nilikuwa na hasira na Papa Placide, na mashine, na hao wenye Dira wanaoweza kupanga mpaka 2050 bila kugonga mlango hata mmoja. Katika wote hao, mtoto wangu ndiye pekee aliyelia.

Kuna kikao cha watu wote mjini, mwisho wa Februari. Baada ya hapo ramani inapanda Kinshasa, na ikishapanda imekwisha.

17 Januari

Nimeenda kwa Papa Placide asubuhi, nikamwambia yote mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mutoto yako njo aliandika dépôt," akaingia ndani. Nilibaki nimesimama kama mdai.

21 Januari

Malewa tupu. Wamekubaliana kwamba Daniella ametuuza. Watu niliowalisha kwa mkopo wakati wa njaa wanavuka njia wasinisalimie. Nimekula sombe yangu mwenyewe, ilikuwa nzuri sana, hasara ni yao.

29 Januari

Tumeenda mjini kwa mkubwa wa Daniella, mhandisi mmoja kijana kutoka Kinshasa, jina lake Jeancy. Shati lake jeupe halijui matope. Alinipa kiti, aliniita maman, kwa hilo sina neno.

Nikamwambia Katengo ina watu. Akageuza kompyuta yake.

"Maman, mfumo una uhakika wa asilimia tisini na saba."

"Na minye niko na uhakika wa mia. Minye naishi mule."

Akatabasamu, akasema hawezi kubadilisha kwa maneno ya mtu mmoja, kila kartie ingekuja kuomba shule. Marekebisho yatafanywa mwaka 2030. Kupiga picha mpya kunahitaji amri ya kikao.

"Basi tuende kwa miguu," nikasema. "Haiko mbali. Utagonga mlango, mtu atatoka, utaandika mtu. Halafu utakula kwangu."

Alitazama dirishani, mvua ilikuwa inamwagika. Akasema njia ya kazi yao haina mahali pa kuandika mlango uliogongwa. Na Daniella, akasema kwa upole, mkataba wake unamkataza kuzungumza kikaoni juu ya kazi ya ndani.

Tulirudi tumelowa, na njia nzima mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili.

30 Januari

Mvua.

31 Januari

Mvua, na Mungu anisamehe nilivyoitukana.

8 Februari

Papa Placide amekuja. Mikononi alishika kikapu cha bowa, na kofia ilikuwa juu ya bowa, si kichwani. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake. Kina upara, mdogo, wa kuhuzunisha.

Nikamwekea kiti. Akakaa, akachambua bowa moja moja.

"Baba yangu alikuwa na nyumba mu kambi ya bafanyakazi," akaanza. "Wakaja bantu na daftari, bakahesabu. Tulifurahi. Mama aliwapa maji ya kunywa. Mwaka uliofuata wakarudi, bakapiga alama ya rangi ku mulango, wakasukuma ukuta na sahani ziko mezani. Tangu siku ile, mama, mtu akisema nakuja kukuhesabu, minye nasikia ukuta unaanguka."

Wiki zote hizi nimemwita mwoga, na mbele ya watu. Hakuwa mwoga, alikuwa ameona. Nikamwambia hivyo hivyo. Akapangusa macho kwa kiganja.

"Nilificha bantu yangu vizuri sana," akasema. "Hata Taifa haibaoni."

"Sasa tuwafunue, papa."

Akauliza, "Namna gani?" Nikamwuliza kama mabâche bado yapo. Yapo, akasema, mvua haijaacha tuyarudishe. Nikamwambia ayaweke tayari. Tukapika bowa na karanga, akala sahani mbili, na mbele ya watu waliokuwa wakipita njiani akavaa kofia yake, akapaza sauti, "Mama Daniella, sombe ya kesho uniwekee."

9 Februari

Malewa imejaa. Nimewaongezea bei ya chumvi. Natania, lakini nilifikiria.

26 Februari

Kikao. Niandike kabla sijasahau uso wa mtu hata mmoja.

Tulitoka Katengo asubuhi kwa miguu, wote, mvua imetuachia nafasi. Kila nyumba ilibeba turubai lake kichwani, limekunjwa. Wanawake mbele, wachimbaji nyuma, Papa Placide kando na fimbo. Watu wa mjini walisimama barazani wakiuliza ni maziko ya nani. Mama Suzanne aliwajibu, "Ya kwetu, lakini tumekataa."

Ukumbini kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa, wakubwa wa mkoa, mhandisi Jeancy, na ramani ya kompyuta imemulikwa ukutani, kubwa kama shuka. Mlinda mlango akatuuliza sisi ni akina nani. Papa Placide akavua kofia.

"Shiye ni dépôt ya madini," akasema. "Tumekuya kwa miguu."

Tukaingia. Mmoja mmoja tukaweka turubai mbele ya meza, mpaka rundo likaficha kitambaa, na wakubwa wakawa wanatutazama kwa kunyoosha shingo. Ukumbi ulicheka kwanza, halafu ukaacha kucheka, kwa sababu watu walikuwa bado wanaingia.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akauliza maana yake. Ndipo Daniella akanyanyuka. Nilimvuta kitambaa cha nguo akae, nikikumbuka mkataba. Akautoa mkono wangu.

"Minye nilifundisha mashine," akasema. "Nilichora bâche nyeusi nikaandika dépôt. Ilikuwa kweli. Bantu ya kwetu waliogopa, bakajifunika na bâche. Hiyo pia ni kweli. Mashine imeweka kweli mbili pamoja ikazaa uongo, na hakuna mtu aliyetembea kuja kuangalia. Minye nilisema, na nimeambiwa ninyamaze. Nimeshindwa kunyamaza."

Jeancy alitazama karatasi zake. Alizigeuza juu chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtoto wa mtu.

Mwenyekiti akanong'ona na wenzake, kisha akasoma kanuni. Alisoma kwa huzuni, hilo nalitolea ushahidi. Pingamizi na ombi la picha mpya vinapokelewa kutoka kwa mkazi wa eneo, kama eneo linavyoonekana kwenye ramani. "Na ramani," akasema, "haina mkazi pale. Samahani, kanuni ndiyo inanifunga."

Kelele zikaanza. Papa Placide alikuwa ameshaanza kukunja turubai lake, polepole, kama mtu anayekusanya sahani za baba yake mezani. Hapo nikanyanyuka.

"Mama Mwenyekiti," nikasema, "iko mukaaji mumoja. Tafuta vizuri."

Akatafuta. Jeancy ndiye aliyesogea kwenye ramani, akaweka kidole kwenye kisanduku chekundu, akaikuza kwa kompyuta. Sijui kama alitaka kutusaidia au alitaka tu kuwa sahihi. Akasoma kwa sauti, "Nyumba ya mlinzi."

"Njo minye," nikasema. "Ile siku minye peke yangu sikufunika. Mashine yenu njo imesema, na iko na uhakika wa tisini na saba. Minye mulinzi wa Katengo. Nyuma yangu hapa ni vitu ninavyolinda, na nimevileta muvione. Minye napinga. Malori hayapiti mu jiko yangu. Nataka ndege irudi, na nataka yule bwana wa shati nyeupe naye aje kwa miguu."

Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa, akavaa tena.

"Pingamizi limepokelewa," akasema.

Wanawake walipiga vigelegele.

27 Februari

Daniella ameambiwa asirudi kazini. Nimemwambia aoshe sufuria. Ameosha, anaimba.

11 Machi

Ndege imerudi. Jua limetoka tangu asubuhi kama limelipwa. Hakuna turubai hata moja. Mama Suzanne alipanda juu ya paa lake na sabuni, akaosha mabati kama sahani za wageni. Watu wote walikuwa nje, waliovaa nguo za kanisani na waliotoka shimoni na udongo wao. Papa Placide alisimama katikati ya njia. Ndege ilipofika juu yake alishika kofia kwa mikono miwili, lakini hakusogea.

Jeancy alikuja kwa miguu. Amegonga milango. Viatu vyake vimekufa. Alikula bukari kwa mkono, akauliza jina la mboga, na kabla ya kuondoka akamwita Daniella pembeni. Mashine inahitaji kufundishwa upya huku kwetu, akasema, na yeye hajui kutofautisha hofu na madini. Daniella akajibu atafanyia kazi hapa hapa malewa, mbele ya mama yake, na atasema anachotaka. Jeancy amekubali.

19 Machi

Mvua zinaelekea kuisha. Sijui kama shule itakuja. Sijui kama barabara ya malori itakubali kupinda. Ramani bado haijapanda Kinshasa, na 2050 ni mbali, wakubwa watabadilika mara nyingi kabla ya hapo. Ila wakituondoa safari hii watatuondoa wakituona.

Leo Daniella ameweka kompyuta kati ya sahani, picha mpya ya Katengo imejaa mabati. Alichora kisanduku, akaandika toiture. Nikamwuliza, "Hiyo ya nani?"

"Mama, hakuna mahali pa kuandika jina."

"Sikuuliza mahali. Ya nani?"

"Ya Mama Suzanne."

"Endelea."

Akachora nyingine, nikataja jina. Nyingine, nikataja. Papa Placide alikuwa anakula, akaacha kula, akaanza kutaja naye, na wachimbaji wa meza ya nyuma wakamsahihisha alipokosea. Tulikwenda hivyo njia nzima ya kartie, nyumba kwa nyumba, sombe ikipoa.

Mwishoni tukafika kwangu. Kisanduku chekundu cha zamani kilikuwa bado kimeganda pale, na maneno yake: nyumba ya mlinzi.

"Hii ni kosa ya mashine," Daniella akasema, kidole juu ya kitufe. "Nifute, mama?"

"Acha," nikamwambia.